Maswali ya Wasomaji: Kumhudumia Mnywaji Bila Kumzamisha

Barua za safari hii zimetoka upande wa kaunta: wenye baa, mameneja wa zamu na wahudumu wenyewe. Wengi mmeuliza namna ya kumkatalia mlevi. Tutafika huko, ila tumeanza na kupima na kuhesabu kwa makusudi. Mteja anayekataliwa kwa ugomvi saa sita usiku, mara nyingi alikosewa tangu saa tatu.

SWALI: Nina wahudumu sita, wawili ndio kwanza wanaanza kazi. Nataka kuwafundisha kuuza pombe kwa uangalifu, lakini siwezi kufunga baa kwa zaidi ya asubuhi moja. Nianze na nini? (Mwenye baa)

JIBU: Anza na jagi la maji, glasi zote mnazotumia na kikombe cha kupimia chenye mistari ya mililita. Kila mhudumu amimine kwa jicho kile anachokiita toti moja, kisha maji hayo yapimwe mbele ya wenzake. Rudieni kwa glasi fupi pana na kwa glasi ndefu nyembamba. Pana ndiyo inayodanganya: maji yanatandaa, kimo kinaonekana kidogo, mkono unaongeza. Aliyekusudia mililita 30 akatoa 40 amezidisha kwa theluthi, na kufikia glasi ya tatu mteja ameshakunywa toti nzima ambayo haimo kwenye hesabu ya mtu yeyote. Zoezi hili ni la dakika 20 tu, na baada yake hakuna atakayebisha kwa nini vikombe vya toti viko kaunta.

Baada ya mkono, kichwa. Zidisha mililita za kinywaji kwa asilimia ya kilevi iliyoandikwa kwenye chupa, gawanya kwa 100. Hizo ni mililita za kilevi halisi. Zidisha tena kwa 0.79 upate gramu, kwa kuwa kilevi ni chepesi kuliko maji. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu 20 hivi. Toti ya mililita 30 ya pombe kali ya asilimia 40 ina gramu 9.5. Glasi ya mvinyo ya mililita 150 yenye asilimia 13 ina gramu 15.

Nchi hazikubaliani kipimo kimoja cha kawaida, yaani kiasi cha kilevi kinachohesabiwa kama kinywaji kimoja, kiwe gramu ngapi: Uingereza huhesabu 8, Australia 10, Marekani 14. Kwa kaunta shikeni 10, kwa sababu inahesabika kichwani hata baa ikiwa imejaa. Kwa hesabu hiyo toti ni kipimo kimoja, mvinyo ni kimoja na nusu, bia ni viwili. Hapo ndipo wahudumu wapya hushtuka, maana wengi huichukulia bia kama kinywaji chepesi na toti kama kizito. Bia kali ya asilimia 7.5, chupa ileile ya mililita 500, ni vipimo vitatu. Kokteli iliyochanganywa pombe kali nne, mililita 15 kila moja, ni vipimo viwili ingawa ladha yake ni ya juisi. Wape wahudumu orodha yenu ya vinywaji wapige hesabu wenyewe, kila kinywaji na vipimo vyake, kisha kadi hiyo ibandikwe nyuma ya kaunta mahali ambapo mteja haioni.

Halafu wafundishe mambo mawili kuhusu mwili. La kwanza: ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa, yaani kipimo kimoja au pungufu. Aliyemaliza bia tatu kwa saa moja na nusu ameingiza gramu 60, na kubwa kabisa ameondoa 15. La pili, ambalo nadra kufundishwa: kilevi hunyonywa zaidi kwenye utumbo mwembamba, na kiwango chake kwenye damu hufika kilele dakika 30 hadi 90 baada ya kunywa. Kwa hiyo mtu unayemwona mbele yako anaonyesha alichokunywa muda uliopita. Shoti tatu alizotupa kooni sasa hivi bado hazijaonekana usoni mwake, na uamuzi wa kumwongezea ya nne unatakiwa ufanywe kwa hesabu.

SWALI: Wahudumu wangu husema mlevi anajulikana tu. Mbona basi kila wikiendi tunashtuka mtu akiwa ameshalewa chakari? (Meneja wa zamu)

JIBU: Kwa sababu wanatafuta dalili za mwisho. Kuyumba, kuangusha glasi na kuongea kwa ulimi mzito huja baadaye. Kinachotangulia kuguswa ni busara na kujizuia: sauti inapanda, mzaha unavuka mpaka, mtu anaanza kununulia meza ya wasiomjua, anakunywa haraka kuliko alivyoanza, anaagiza kabla glasi haijaisha. Yanafuata macho yanayochelewa kukufuata, sentensi inayorudiwa, kuhesabu pesa mara mbili tatu, kupapasa skrini ya simu bila kupata kitufe. Miguu huwa ya mwisho, na aliyekaa kitini hana nafasi ya kuionyesha. Ndiyo maana mmeshtuka: mtu ameketi saa tatu akionekana mzima, akasimama kwenda msalani, na hapohapo kila mtu akajua.

Dawa ni kumlinganisha mteja na nafsi yake. Salamu ya mlangoni ifanywe kuwa kazi kamili. Muda wa kumkaribisha na kumwonyesha meza unatosha kuona anavyotembea, anavyozungumza, macho yake yakoje, na kama amefika akiwa ameshakunywa kwingine. Huyu wa mwisho ndiye anayeponyoka mara nyingi, kwa kuwa bili yake inaanza na sifuri.

Gawanyeni wateja kwa rangi tatu na mzitaje kwa wenzenu mnapopishana. Kijani ni yule yuko kama alivyoingia. Njano ni yule aliyebadilika tabia, au aliyevuka vipimo vinne ndani ya saa mbili hata kama anaonekana mzima. Nyekundu ni yule ambaye mwili wake umeanza kusema. Vipimo vinne si mstari wa kisayansi. Ni kengele ya kumfanya mhudumu atazame upya. Mtu mdogo wa umbo, mwenye njaa, aliyechoka au anayetumia dawa za usingizi, za mzio au za maumivu makali anaweza kufika njano kwa viwili. Mwanamke wa uzito sawa na mwanamume kwa kawaida hufika mapema, kwa kuwa sehemu ya maji mwilini mwake ni ndogo. Vinywaji vyenye gesi huharakisha kilevi kupita tumboni. Vya kuongeza nguvu ni hatari kwa namna nyingine: kafeini humfanya mlevi ajione macho, na wewe pia unamwona hivyo, ilhali kilevi kiko palepale.

Mnywaji mzoefu huficha dalili vizuri kuliko wote, kwa hiyo kwake hesabu ndiyo jicho lako. Andikeni kwa namba ya kiti wala si kwa meza, maana raundi huficha nani amekunywa nini. Atakayepokea zamu akabidhiwe na rangi, si bili peke yake. Chupa nzima inayopelekwa mezani ihesabiwe kabla haijafunguliwa: mililita 750 za asilimia 40 ni gramu 237, karibu vipimo 24. Kwa watu wanne ni sita kila mmoja. Kwa wawili ni kumi na viwili, na hapo jibu zuri ni kuwauzia kwa toti. Mvinyo nao usimwongezee mtu glasi ikiwa nusu. Akimaliza ndipo umimine, la sivyo hata yeye hajui amekunywa ngapi.

Tahadhari moja kubwa. Si kila anayeyumba amelewa. Mwenye kisukari ambaye sukari imeshuka hutoka jasho, hutetemeka, huchanganyikiwa na huweza kuwa mkali. Kiharusi hulemaza upande mmoja wa uso na kupotosha maneno. Aliyegonga kichwa hutapika na kusinzia. Wapo pia walio na ulemavu wa mwendo au wa usemi. Harufu ya pombe haimalizi swali, kwa sababu mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Muulize kwa upole yeye au aliyekuja naye kama ana ugonjwa wowote. Ukibaki na shaka, shughulikia kama dharura ya kiafya.

SWALI: Je, kahawa kali, supu au kumwagia mtu maji baridi kunamlevua? (Mhudumu)

JIBU: Hapana. Kahawa humwamsha mlevi, akawa mlevi aliye macho. Maji baridi kichwani yanaweza kumshusha joto la mwili, ambalo kilevi kimeshaanza kulishusha, na anaweza kuteleza. Chakula kina faida kabla na wakati wa kunywa, kwa kuwa huchelewesha pombe kutoka tumboni. Kikija baada ya mtu kulewa hakiondoi kilichokwisha ingia kwenye damu. Maji ya kunywa humpunguzia kiu na kumpa kitu cha kushika mkononi badala ya bia, na hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuyapeleka mezani bila kuombwa. Kulevuka ni kwa saa tu.

SWALI: Nawezaje kumkatalia mteja bila kupigwa glasi? Nikimkatalia mimi, anakwenda kwa mwenzangu anapewa. (Mhudumu)

JIBU: Umeuliza mawili, na la pili ndilo baya zaidi, tuanze nalo. Kabla ya kumwendea mteja, waambie wenzako wote na meneja: kiti fulani, nyekundu, hakuna pombe tena. Meneja aliyeridhia hawezi kugeuka baadaye kwa sababu mteja amepaza sauti au ni rafiki wa mwenye baa. Akigeuka mara moja, mafunzo yote yamekufa siku hiyo. Kila mteja amejua kwamba kelele hufungua chupa, na kila mhudumu amejua kwamba kukataa kunamwaibisha yeye.

Sasa hatua zenyewe. Kazi kubwa hufanywa mteja akiwa njano, na pale hakuna anayekataliwa. Unapeleka maji. Unapeleka orodha ya chakula, tena kwa kutaja kitu: "Kuna samaki wamekaangwa sasa hivi, nikuletee?" Unachelewa kurudi. Hupiti na kuuliza "niongeze?" kama unavyofanya kwa walio kijani. Akiagiza toti mbili, unapendekeza moja na soda nyingi. Katika kundi, unamtafuta asiyekunywa au aliyetulia, unamwambia pembeni: "Kaka, mwenzenu anakwenda kasi, tusaidiane." Mara nyingi rafiki hufanya kazi yote, na mteja hajui hata kwamba umezungumza.

Akifika nyekundu, mwendee kutoka ubavuni, si kwa kumkabili uso kwa uso, na usimsimamie juu; inama kidogo au keti. Umbali uwe wa mkono mmoja ulionyooka. Mikono ionekane, usimguse, wala usinyooshe kidole. Sauti iwe chini kuliko yake, na marafiki zake wasisikie ikiwezekana, maana aibu mbele ya watu ndiyo huwasha ugomvi kuliko kunyimwa kinywaji. Sema unachofanya wewe, usimhukumu yeye. "Umelewa" ni shtaka, atalijibu. "Mzee wangu, usiku wa leo siwezi kukuongezea pombe. Nikuletee maji, au nikuitie usafiri?" ni taarifa yenye milango miwili ya kutokea. Akibisha, rudia sentensi ileile kwa sauti ileile. Usiongeze sababu mpya, kwa kuwa kila sababu mpya ni mada mpya ya kubishania. Usitoe hesabu ya glasi alizokunywa. Atapinga hesabu, nawe utajikuta unatetea bili.

Yapo makosa ambayo tunayaona yakirudiwa hata na wazoefu. "Basi moja ya mwisho" ni la kwanza: umekubali kwamba amezidi, ukamzidishia. Kujifanya umesahau agizo ni la pili, kwani kunakupa dakika kumi tu, kisha anakuja kaunta akiwa amekasirika kwa haki. Kumchanganyia soda tupu na kumtoza bei ya toti ni wizi, hata nia ikiwa njema. Kumnyang'anya glasi iliyo mkononi ndiko kunakoleta kile ulichokiogopa kwenye swali lako. Glasi iliyobaki robo mwachie, au ibadilishe na maji anapoiweka mezani mwenyewe. Na kumtoa nje peke yake ili baa itulie kumehamishia hatari barabarani. Akae mahali mnapomwona mpaka mtu mzima aje kumchukua au usafiri ufike. Akiwa na funguo za gari, mwombe rafiki yake azichukue. Akikataa na akaelekea kwenye usukani, piga simu polisi ukiwa na namba ya gari.

Haya hayafundishwi kwa kusomwa. Pangeni watu watatu: mhudumu, mteja na mtazamaji anayeandika. Dakika nne, kisha mbadilishane. Mteja wa mazoezi abadilike kila mara: kwanza ni mgeni, halafu ni mteja wa kila siku, halafu mwenye bahashishi nono, halafu kundi la siku ya kuzaliwa ambalo mwenye sherehe ndiye amezidi. Mtazamaji aandike maneno halisi yaliyosemwa. Mhudumu akisikia alichosema kikisomwa neno kwa neno, hujirekebisha bila kuhubiriwa.

SWALI: Vijana wanatuletea vitambulisho vya kaka zao. Tunavitambuaje? (Mwenye baa)

JIBU: Kwanza ondoeni aibu ya kuuliza. Umri wa kisheria hutofautiana, ni 18 katika nchi nyingi na 21 nchini Marekani, lakini macho hayawezi kutofautisha miaka 17 na 19. Ndiyo sababu baa nyingi za Uingereza humwomba kitambulisho kila anayeonekana chini ya miaka 25, na anayeombwa hana la kuona uonevu. Kila siku mbandike kaunta tarehe ya mwisho ya kuzaliwa inayoruhusiwa, ili asiwepo wa kukokotoa hesabu katikati ya foleni.

Kadi itolewe kwenye pochi, uishike mwenyewe. Pitisha kidole kingoni na juu ya picha kutafuta mkwaruzo au karatasi iliyobandikwa. Nywele na uzito hubadilika, kwa hiyo linganisha masikio, umbali wa macho na umbo la pua. Usimuulize tarehe ya kuzaliwa peke yake, hiyo ameikariri njiani. Muulize mwaka huu atatimiza au ametimiza miaka mingapi, au alimaliza shule mwaka gani. Anayetumia kadi ya kaka yake atasita. Picha ya kitambulisho iliyo kwenye simu usiipokee kama kadi, kwa sababu haishikiki wala haigeuzwi. Na tazama glasi zinakokwenda. Mtu mzima anayenunua mbili akampelekea kijana aliyekataliwa anatakiwa kusimamishwa vilevile.

SWALI: Mteja akilala mezani tumwache alale mpaka tufunge? (Mhudumu wa zamu ya usiku)

JIBU: Msimwache. Kiwango cha kilevi kwenye damu kinaweza kuendelea kupanda baada ya mtu kufumba macho, kwa sababu pombe iliyo tumboni bado inanyonywa. Mwite kwa sauti na umtikise bega. Akijibu na kuongea, mkalisheni, mtu mmoja akae naye. Asipoamka, tazama pumzi: chini ya nane kwa dakika, au pengo la zaidi ya sekunde kumi kati ya pumzi na pumzi, ni sumu ya pombe. Dalili nyingine ni ngozi baridi yenye unyevu, degedege, kutapika akiwa hajitambui, na rangi ya bluu au kijivu, ambayo kwa ngozi nyeusi tazameni midomo, fizi na kucha. Moja tu kati ya hizi inatosha kuita gari la wagonjwa. Msisubiri zikamilike.

Wakati mnangoja, mlazeni ubavu ili matapishi yatoke nje. Piga goti pembeni yake akiwa chali. Mkono wake ulio karibu nawe uupeleke pembeni, kiwiko kikiwa kimekunjwa. Mkono wa mbali uvushe kifuani, mgongo wa kiganja ulale kwenye shavu la upande wako. Kunja goti la mbali, livute kuja kwako mpaka ageuke. Kichwa kirudishe nyuma kidogo, mdomo uelekee chini. Msimtapishe kwa kidole, msimpe kitu cha kunywa, na asibaki peke yake hata dakika moja. Pumzi ikikoma au ikiwa ya kukwama kwama, anzeni kumbonyeza kifua katikati, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike. Angalau mtu mmoja katika kila zamu awe ameyafanyia haya mazoezi sakafuni, kwani kugeuza mtu mzito kuna ufundi wake.

SWALI: Tulifanya mafunzo mwaka jana, na miezi mitatu baadaye kila mtu akarudi kwenye mazoea. Tulikosea wapi? (Meneja)

JIBU: Huenda hamkukosea darasani. Tazameni malipo. Mhudumu anayepata asilimia kwa kila chupa anayouza anaambiwa na mkuu wake "wapunguzie" na anaambiwa na mfuko wake "waongezee", na mfuko hushinda. Kamisheni iwe ya mauzo yote, chakula na vinywaji visivyo na kilevi vikiwemo. Ondoeni ofa za kunywa uwezavyo kwa bei moja na mashindano ya kumaliza glasi. Toti mbili zisiwe bei nafuu kuliko moja mara mbili. Chakula kiendelee kupatikana mpaka karibu na kufunga. Baa nyingi hufunga jiko saa mbili kabla ya kaunta, wakati hasa kinapohitajika. Agizo la mwisho litangazwe nusu saa kabla, na lisizidi kinywaji kimoja kwa kila mtu.

Kisha marudio mafupi: dakika 15 mara moja kwa mwezi kabla ya zamu, zoezi moja la kukataa na moja la kumimina kwa jicho. Mhudumu mpya asisimame kaunta peke yake kabla hajapita yote mawili.

Na mfungue daftari la matukio. Kila aliyekataliwa, aliyeombwa kitambulisho akakosa au aliyeitiwa usafiri aandikwe: saa, kiti, kilichoonekana, kilichosemwa, nani alikuwepo. Mistari mitatu inatosha, na iandikwe usiku uleule, kwa sababu polisi au bima wakiuliza wiki ijayo kila mtu atakuwa na kumbukumbu yake. Meneja alisome kila Jumatatu. Wikiendi nne zikipita bila hata mstari mmoja, msidhani wateja wametulia. Simameni kaunta Ijumaa inayofuata muone kama kuna anayekataa au anayeandika.